Nusu na Theluthi za Udongo

Mwanamume wa Kikisi hafinyangi. Achonge mtumbwi, asuke nyavu, agombane na upepo, aimbe kanisani mpaka paa litikisike. Yote hayo ruhusa. Udongo ni wa wanawake. Hivyo ndivyo tulivyozaliwa tukakuta pale Ikombe, kijijini kwetu kando ya ziwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mimi nilifinyanga. Tena nilifinyanga njiani, mchana kweupe, kila mpita njia akinitazama, na kilichonipeleka huko ni hesabu.

Ilikuwa miaka ya Mjerumani, vita vilikuwa bado havijafika ziwani kwetu. Shule ya mchana ilikuwa ya watoto. Nilipokwenda kuiomba, ndevu zangu zilitangulia kuingia mlangoni, nikaambiwa nirudi nyumbani pamoja nazo. Ikabaki shule ya jioni: banda la nyasi ufukweni, sisi wavuvi watu wazima tumebanana humo huku tunanuka usipa, dagaa wa ziwani kwetu, jua likiwa bado halijazama. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Kinyakyusa kutoka Ikolo, mwembamba kiasi kwamba akisimama karibu na fito za banda ungemhesabu kuwa mmojawapo. Lakini kichwa chake! Alitupa kujumlisha, kutoa na kuzidisha, tukavimeza vyote kama samaki mbichi. Kisha zikaja sehemu: nusu, theluthi, robo. Huo ndio ulikuwa mlango wa darasa la juu. Nami niliapa kuupita, kwa sababu mlango mmoja nilikuwa nimeshafungiwa.

Siku moja Mchungaji, Mjerumani mwenye kituo cha misheni ng'ambo ya ghuba, alikuja kutupima. Akaninyooshea kidole.

"Wewe mkubwa. Nusu na theluthi, jumla ni nini?"

Mimi sikuwahi kukosa sauti. Moja na moja mbili, mbili na tatu tano. "Mbili ya tano, Bwana Mchungaji!"

Banda zima likaitikia, "Mbili ya tano!" Tuliimba vizuri mno. Nadhani hata ng'ambo ya ziwa walisikia.

Mchungaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, labda akitumaini ataona watu wengine. "Basi," akasema. "Sehemu ni kazi ya watoto wa mchana. Mvuvi anatoshwa na kujumlisha na kutoa." Akaamuru vibao vyetu vya kuandikia vikusanywe, maana shule ya mchana vilikuwa havitoshi.

Mwalimu akamfuata hadi kwenye mtumbwi. "Bwana, nipe mwezi. Nitawaleta kituoni uwapime tena."

"Bila vibao?"

"Bila vibao."

"Walete. Wakishindwa, banda lifungwe."

Mwalimu akarudi taratibu, akakaa chini mbele yangu. "Kaka," akasema, "ulikuwa na nusu ya ndizi. Nikakupa na theluthi juu yake. Sasa unasema una mbili ya tano, ambayo haifiki hata ile nusu uliyoanza nayo. Nani amekula ndizi yako?"

"Mchungaji," nikajibu.

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gogo alilokalia. Mwalimu naye akacheka, lakini macho hayakucheka. Hapo ndipo nilipoona kwamba banda lile linakaribia kufa, na kwamba sauti yangu ndiyo iliyoanzisha msiba.

Tukajaribu ndizi kweli. Tatizo la ndizi ni kwamba tulikuwa tumetoka kuvuta nyavu tangu alfajiri: swali liliulizwa, na kabla ya jibu hesabu yote ilikuwa tumboni. Tukajaribu majani ya mgomba; yakanyauka, theluthi zikajikunja kama masikio ya mbwa. Tulihitaji kitu kisicholiwa wala kunyauka. Nikaenda kwa shangazi yangu.

Shangazi alikuwa mfinyanzi wa kwanza pale kijijini kwa vyungu na wa kwanza kwa mdomo. Nilimkuta amekaa kando ya njia, analainisha shingo ya chungu kwa kokoto.

"Nataka udongo, Shangazi."

"Wa nini? Umechoka kuwa mwanamume?"

"Nataka kufinyanga nusu."

"Nusu ya nini?"

"Nusu tu. Na theluthi."

"Nimefinyanga tangu sijaota meno. Nimeombwa chungu cha ugali, cha mboga, cha pombe, cha maji. Chungu cha nusu sijaombwa." Nikamweleza habari ya Mchungaji na banda. Nilipofika kwenye maneno yale kwamba mvuvi anatoshwa, akaacha kusugua. "Kakwambia hivyo? Haya. Ila udongo wangu haufichwi nyuma ya nyumba kama kitu cha wizi. Unautaka, kaa hapa hapa njiani."

Nikakaa.

Jamani. Njia ile ilikuwa haipiti watu wengi, lakini siku ile nchi nzima iligundua ina safari. Wanawake walishusha mitungi ili wacheke kwa nafasi. "Leo anafinyanga, kesho atanyonyesha!" akapiga kelele mmoja.

"Mlete mtoto!" nikajibu.

Mvuvi mwenzangu, yule aliyeanguka kwenye gogo, akapita na kasia begani. "Mwenzetu ameolewa!"

"Na mahari nimekula peke yangu. Pita!"

Kinywani nilikuwa shujaa. Mikono ndiyo ilinisaliti. Nilibamiza udongo ukawa bapa, mviringo kama kifuniko cha chungu. Nikazungusha uzi wa nyavu ukingoni, nikaukata pale ulipokutana, nikaukunja sehemu tatu sawasawa, nikatia alama, halafu kwa uzi ule ule nikakata kutoka alama hadi katikati. Theluthi tatu! Nusu zilikuwa rahisi zaidi. Kila mviringo niliupima kwa uzi mmoja ili usizidi mwenzake. Nikavianika juani kwa furaha. Vikapasuka vyote.

"Kivulini, wewe!" Shangazi akafoka. "Na utie mchanga. Unadhani huu ni uji?"

Nikarudia, na kicheko cha njiani kikarudia. Mara hii vikakauka vimenyooka, nikamwomba avichome pamoja na vyungu vyake. Akakataa katakata.

"Kitu kitupu kisicho na nakshi hakiingii motoni mwangu. Watu watasema mimi ndiye niliyefinyanga matope haya. Chora."

Nichore nini? Sikujua ua wala nyota. Nikaukunja uzi wangu sehemu sita sawasawa, nikachora mistari kutoka ukingoni hadi katikati, nikaikandamiza sana, kwenye nusu na kwenye theluthi zote. Shangazi akapaka rangi nyekundu ya udongo juu yake, akaniambia nimeharibu, akavichoma. Vilitoka vinalia ukivigonga.

Siku ya kupimwa tukavitia kikapuni, tukapanda mitumbwi. Ziwa lilikuwa na hasira. Mawimbi, sisemi uongo, yalikuwa yakichungulia milima kwa juu. Tulipofika kwenye mawe ya kituo, wimbi likatunyanyua likatutupa. Kikapu kilitangulia kufika juu ya mawe. Mimi nikakifuata, na mimi si mtu mwepesi.

Mwalimu akafungua kikapu. Hakukuwa na nusu. Hakukuwa na theluthi. Kilijaa vigae.

"Turudi," akasema.

"Turudi wapi? Nimekaa njiani nimechekwa na kijiji kizima na mbuzi wake. Sirudi."

Nikakibeba mpaka ndani, nikakimwaga mezani kwa Mchungaji. Akarudisha kiti nyuma.

"Nini hiki? Takataka za jikoni?"

"Ni nusu, Bwana. Na theluthi."

"Naona vigae."

"Ndivyo. Uliza."

Akauliza swali lile lile, neno kwa neno. Nikaanza kupanga, na hapo nikaona kitu ambacho mpaka leo kinanifurahisha kuliko harusi yangu. Vilikuwa vimevunjika penye mistari. Nusu ilikatika vipande vitatu. Theluthi ilikatika viwili. Na vyote vilikuwa saizi moja.

"Hii ilikuwa nusu, Bwana: vigae vitatu. Hii ilikuwa theluthi: viwili." Nikavisogeza pamoja, ncha zikakutana katikati. Mviringo ukawa karibu umejaa, pengo moja tu, la kutosha kigae kimoja.

Nyuma yangu yule mwenye kasia akashindwa kuvumilia. "Tano! Tano ya sita!" Na wote wakaitikia, tukaimba tena vizuri mno, ila safari hii wimbo ulikuwa wa kweli.

"Toa theluthi kwenye nusu," Mchungaji akasema haraka.

Nikaondoa vigae viwili kwenye vile vitatu. Nilikiacha kimoja mezani kijibu chenyewe.

Akainama juu ya meza, akauliza, "Nani amekufundisha kuvivunja hivi?"

"Ziwa, Bwana. Na shangazi yangu."

Akakohoa. "Banda libaki. Endeleeni na darasa la juu. Lakini vibao siwapi."

"Hatujaviomba," nikasema. Mwalimu akanikanyaga mguu, nami nikatabasamu juu ya maumivu. Tulipokuwa tunakusanya, nikamwona Mchungaji akichukua kigae kimoja, akikigeuza geuza, kisha akakitia mfukoni kama mtu asiyefanya chochote.

Kesho yake nilimweleza Shangazi yote. Hakusikia habari ya tano ya sita wala ya banda. Alisikia moja tu. "Amechukua kipande changu?"

"Kimoja, Shangazi."

"Basi kaa ufidie."

Nikakaa njiani tena, na wanawake wakashusha mitungi tena. Kabla sijabamiza udongo, yule mwenye kasia akaja. Akatazama huku na huku, akaliegemeza kasia lake ukutani, akasema, "Sogea."

"Wameolewa wawili!" wakapiga vigelegele.

Shangazi akamtupia bonge la udongo mapajani. "Anza na nusu," akamwambia.