Laptopu Iliyonyamaza Kitale na Kuongea Bungoma

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hivyo mbele ya wanafunzi husema kipakatalishi. Nyumbani husema laptopu kama watu wengine, na mwezi ule ilipokataa kutoa sauti niliiita majina ambayo sitayaandika hapa.

Dada yangu mdogo, anayefundisha kompyuta katika chuo kidogo mjini Bungoma, alikuwa ameniwekea mfumo mpya wa kuiendesha likizo ya Desemba. Ule wa zamani ulichukua muda wa kuchemsha chai kabla ya kuwaka. Huu mpya ni wa bure, akaniambia, umeundwa na watu wanaojitolea kote duniani, na yeyote anaweza kuufungua akaona ulivyo ndani. Mimi sikutaka kuona ndani. Nilitaka kusikiliza mashairi ya wanafunzi niliyokuwa nimeyarekodi, nichague sita wa kwenda kwenye tamasha.

Jioni moja Januari, nikiwa chumbani kwangu Kitale, nikabonyeza shairi la kwanza. Kimya. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Kimya. Nilichosikia ni mnung'uniko wa spika ya jirani upande wa pili wa ukuta, na huo nilikuwa nimeuzoea. Jirani huyo ni mama mjane ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Murang'a. Anashona nguo nyumbani, na spika yake ndogo humhubiria kutoka kwenye simu mchana kutwa.

Nikampigia dada. Akaniambia nifungue dirisha jeusi la kuandikia amri, kisha akanisomea amri herufi moja moja. Nilipokosea herufi, laptopu ilinijibu kwamba haijui ninachotaka, na kwa kweli hata mimi sikujua. Tukaanzisha upya mambo ya sauti. Tukahakikisha hakuna mahali sauti imezimwa. Mwishowe akanipa amri ya majaribio: mama fulani wa Kizungu aliyerekodiwa angesema "mbele kushoto", halafu "mbele kulia", ili nijue spika ipi inafanya kazi.

"Unamsikia?" dada akauliza.

"Simsikii."

"Basi mwambie tena."

Nilimwambia tena jioni hiyo, na jioni zilizofuata. Kwa wiki nzima, kila nikitoka shuleni, nilimwamuru yule mama aongee, naye akawa bubu.

Jumamosi nikaenda Bungoma. Dada akaiweka laptopu juu ya meza yake, akabonyeza shairi, na msichana wangu wa kidato cha pili akaanza kughani kwa sauti iliyomfanya karani wa chuo achungulie mlangoni. Dada akanitazama jinsi mama yetu alivyonitazama zamani nilipougua ghafla siku ya kupalilia. Nikarudi Kitale, nikabonyeza. Kimya. Jumamosi ya pili nikaenda tena Bungoma, na laptopu ikaghani bila kuulizwa mara mbili.

"Kaka, hii kitu ni nzima," dada akasema. "Labda shida ni wewe, bana."

Nilianza kuamini kwamba ni baridi ya Kitale. Naona haya kusema, lakini niliianika laptopu kibarazani juani, nikaifunika kwa sweta upepo ulipoanza. Wapangaji wenzangu walipita wakanisalimia kwa upole usio wa kawaida.

Jumatatu jioni jirani yangu akabisha mlango. Aliketi, akanyoosha leso magotini, akakataa chai, nikajua jambo ni zito.

"Mwalimu, wewe umesoma," akasema. "Kuna mama ananiongelesha kwa spika. Anasema Kizungu. Mbele kushoto, mbele kulia. Kila siku, jioni."

Nikamwuliza kama anamfahamu. Hamfahamu, lakini ujumbe aliuelewa. Kanisani, kwa miaka mingi, yeye huketi mbele kushoto. Mbele kulia huketi mwenzake wa kikundi cha akina mama, ambaye hawakuwa wakisemezana naye tangu walipogombana kuhusu kitambaa cha sare. Yeye alifunga siku tatu, akaomba, na Jumapili ya kabla ya jana akahamia kulia. Wakasalimiana. Baada ya ibada wakalia wote wawili, na juzi mwenzake alimletea kuku.

"Sasa nauliza, si nimefanya vile alitaka?" akasema. "Mbona jana amerudia tena? Na kuna watoto wanasema mashairi nyuma yake."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mwaka Mpya sisi wapangaji tulikula pamoja uani, na ni mimi niliyeazima spika yake nikaiunganisha na laptopu kwa blututhi ili tusikie nyimbo. Tangu siku hiyo, kila alipowasha spika yake, laptopu yangu iliikimbilia kupitia ukutani na kumpelekea sauti zote. Ndiyo maana Bungoma iliongea: spika ilikuwa imebaki Kitale. Na jina lake lilikuwa limeandikwa muda wote kwenye orodha ya vifaa vya sauti, herufi na tarakimu zisizo na maana, ambazo mimi nilidhani ni kiungo cha ndani ya mashine.

Ningeweza kunyamaza. Nilifikiria sana kunyamaza, kwa sababu ya yule kuku. Lakini alikuwa amefunga siku tatu, na sikutaka afunge nyingine. Nikamwomba alete spika, nikamwonyesha. Nilipobonyeza, yule mama akasema "mbele kushoto" kwenye meza yangu, nami nikamsikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na sauti nzuri.

Jirani aliichukua spika, akaigeuza juu chini. Nikajitayarisha kuomba msamaha. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia mpaka nikaona meno.

"Huyo mwenzangu usimwambie," akasema alipopata pumzi. "Tumeshaongea. Tukianza tena kutafuta nani alituma nani, tutagombana upya."

Nikaapa. Nikabonyeza palipoandikwa "sahau", na jina la spika likatoweka kwenye orodha. Jirani akaifuta vumbi kwa leso, akaibana kwapani, akaenda zake kumalizia sketi ya mtu. Nami nikaketi kusikiliza mashairi. Kati ya yote, mawili tu yalifaa.