Uzi wa Jumatano

Dada yangu ni fundi cherehani, na mimi ni mpiga pasi wake. Tumekaa chumba kimoja cha kazi mwaka wa kumi na moja sasa: cherehani yake dirishani, meza yangu ukutani, na katikati yetu paka wa dada. Tulimwita Mkaguzi kwa sababu kila nguo ikiisha lazima aikalie kwanza, na akichagua anachagua nyeupe. Shati moja nimewahi kulipiga pasi mara tatu kwa ajili yake. Nikimfukuza, dada ananitazama juu ya miwani na kusema, "Mwache, anafanya kazi yake." Mtu mzima na ndevu zangu, nimewekwa cheo chini ya paka.

Dada ana tabia moja ya kifundi. Akimaliza mshono hahangaiki na mkasi, anakata uzi kwa meno na kuutema sakafuni. Kufagia ni juu yangu. Jumatano ile tulikuwa na majoho ishirini ya kwaya, rangi ya zambarau, yanatakiwa jioni hiyohiyo, na wote wawili tulikuwa hoi. Akaniambia nifagie kabla sijaondoka. Nikamjibu kwamba mimi ni mpiga pasi, si mfagiaji, nikachukua koti langu nikaenda zangu. Hasira zangu ziko karibu, hilo sifichi.

Alhamisi Mkaguzi hakugusa chakula. Ijumaa asubuhi akatapika povu mara mbili, kisha akajikunyata chini ya meza yangu. Mashuka meupe yalikuwa yamerundikana palepale, hakuyaangalia. Dada akaacha kushona, na dada haachi kushona hata akiwa na homa. Yule paka, dada alimwokota akiwa anaenea kiganjani, mwaka ambao wanawe wawili walihamia mbali kikazi na nyumba ikawa kimya. Yeye hayasemi hayo. Mimi nayajua, ndiyo maana siku hiyo sikutania.

Tulimpeleka kwa daktari wa wanyama aliye karibu. Yule bwana hata kumtoa paka kwenye kikapu ilikuwa kazi. Alichungulia tu, simu iko sikioni, akasema ni minyoo. Akamchoma sindano mgongoni. "Kesho atakula," akasema, akamwita mwingine. Dada alikuwa bado anaeleza habari ya povu. Damu ilinichemka, nikataka kumpa vidonge vyake, lakini dada akanivuta mkono tukatoka.

Kesho ikafika, paka hali. Hata maji anayatazama tu. Mteja wetu mmoja, mwalimu, akatuelekeza kwa daktari aliyemtibu mbwa wake.

Kliniki yenyewe ilikuwa chumba kidogo nyuma ya duka la vyakula vya mifugo: meza ya bati, mizani, sinki. Daktari alikuwa mwanamke kijana, kiasi cha kuwa binti wa dada. Nikasema moyoni, hapa ndipo tumekwisha. Tena alikuwa na mambo ya polepole. Akanawa mikono. Akampima Mkaguzi uzito. Kile kifaa cha kusikilizia moyo akakipasha kwanza kiganjani, eti kisimshtue. Akamuuliza dada paka anakula nini, ametapika mara ngapi, mchana anashinda wapi, na kila jibu akalisikiliza mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nahesabu vigae ukutani kwa kukosa subira.

"Mama, unafanya kazi gani?" akauliza.

"Nashona nguo."

Akaacha kuandika. Akaniomba nimshike Mkaguzi mabega, akamfungua kinywa, akambonyeza kwa kidole chini ya kidevu mpaka ulimi ukanyanyuka. "Sogeeni mwone," akasema. Uzi ulikuwa umezunguka shina la ulimi, umekaza hadi umezama kwenye nyama. Uzi wa zambarau.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nilitaka kuuvuta yaishe. Daktari akanidaka kifundo cha mkono.

"Usivute, kaka. Upande wa pili uko tumboni. Ukivuta, uzi unakata utumbo, na tutampoteza hapahapa. Lazima nimpasue. Lakini niambieni, ameumeza lini? Kama ni siku nyingi, huenda utumbo umeshatoboka."

"Rangi hii tumeishona siku moja tu," dada akasema. "Jumatano."

Hakunitazama. Mimi nilikuwa naangalia sakafu ya kliniki, ambayo ilikuwa imefagiwa vizuri sana. Nikafungua mdomo niseme, akaniwahi. "Nishikie mkoba," akasema.

Daktari alisema siku tatu zina matumaini, ila hakuahidi kitu. Akatueleza dawa ya usingizi, atakapokata, na yanayoweza kuharibika. Kisha tukakaa kwenye benchi kwa saa mbili na nusu. Niseme ukweli, niliogopa. Niliogopa kurudi na kikapu kitupu na kumwona dada akikaa kwenye ile cherehani, huku ufagio uko palepale nilipouacha.

Daktari alipotoka alikuwa bado na kofia kichwani. "Ameanza kuamka," akasema. "Utumbo ni mzima, haujatoboka popote." Akatuonyesha uzi kwenye kisahani, mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Dada akakaa tena kwenye benchi akalia, na mimi nikaegemea ukuta. Nilimshukuru yule binti mpaka ikawa kero. Nikamsimulia na habari za yule wa jana, nikitegemea amseme. Hakumsema. "Paka asiyekula lazima afunguliwe kinywa," akasema tu. "Nilifundishwa hivyo, nami siruki."

Jumatatu Mkaguzi alirudi na tumbo lililonyolewa na mshono ambao dada aliukagua kwa miwani na kuusifu. Tuliambiwa apate joto. Nikachukua shuka langu mwenyewe, jeupe, nikalipiga pasi na kumtandikia likiwa bado vuguvugu. Halafu nikafagia. Nikafagia tena. Nilipofagia mara ya nne, dada alikuwa amefunga kopo tupu la maziwa kwenye mguu wa cherehani na ameshaanza kushona.

"Dada," nikasema, "ile Jumatano..."

"Ufagio uliuacha wewe," akasema bila kugeuka. "Uzi niliutema mimi."

Akafika mwisho wa pindo, akainamisha kichwa kama kawaida yake, meno tayari. Akasita. Akanyoosha mkono akatafuta mkasi, akakata, akautia uzi koponi.