Nilimufungia Solange njia ya muzuri, nikamwachia ya makamyo

Ba mama na ba tata, musinitafute jina. Kosa ni yangu. Hakuna shetani, hakuna mulozi, ni mi mwenyewe na hii mikono yangu!

Niko mwanamuke wa Dilala, nauzisha samaki ya kukauka ku soko. Mi na bwana yangu, papa Nono, tuko mu kikundi ya kinga, ni kusema baiskeli. Usicheke, bamama pia tunapanda kinga! Siku ya Mungu, kisha misa, tunatoka ku gudron, barabara ya lami, tunaingia mu udongo mwekundu, tunapanda bilima mupaka jasho inaingia mu macho, kisha tunazunguka tunarudia na njia ingine. Pale juu, milima ya upande ya Nzilo inaonekana yote, moja nyuma ya ingine, mutu anasahau ata vumbi ya Kolwezi.

Papa Nono njo anaenda mbele, juu ya sababu anajua njia. Fasi njia inagawanyika, anakata tawi ya majani mabichi, anailalisha mu njia yenye hatutapita. Desturi ya bankambo, babu zetu ba zamani. Ata bauzishaji ba makala banaiheshimu. Ukikuta tawi, ile njia imefungwa, pita ingine.

Bon. Sasa akakuya Solange.

Mutoto wa avenue yetu, mwalimu wa batoto badogo, na kinga ya kuazima. Kilima kidogo tu, anashuka, anasukuma. Unajua papa Nono alifanya nini? Alirudia nyuma, akamuwekea mukono pale mugongo, akamusukuma mupaka juu! Mukono, ba mama! Mbele ya kikundi yote! Na mi bibi yake napanda peke yangu, nahema, hakuna mwenye kuniangalia.

Ku nyumba nikamuuliza: "Mugongo ya Solange iko na nini?"

Akacheka. "Mama Nono, ule mutoto hajazoea. Wewe uko na nguvu sawa ngombe."

Ngombe! Mi ngombe, Solange mutoto! Ile neno ililala mu tumbo yangu, ikaamuka na mi asubui.

Batu balinambia Solange eko na mufianse, kijana wa kumuoa, kule Lubumbashi. Nikabajibu: Lubumbashi iko mbali, mugongo iko hapa. Nilikuwa nafua mashati ya bwana yangu, nainusa kwanza. Haikunukia kitu, ni jasho tu na mafuta ya sheni ya kinga. Nikasema, ah, banajua kuficha!

Ile siku yenyewe, papa Nono na benzetu balikuwa bamekwisha kupanda. Mi nilibakia nyuma yao, na nyuma yangu alikuwa Solange peke, anasukuma kinga yake. Nikafika fasi njia inagawanyika. Tawi ilikuwa imelala ku kushoto, ku ile njia mupana ya makamyo yenye kwenda ku karieri, ku machimbo. Njia yetu ilikuwa ya kuume, kanjia kadogo ka muchanga.

Nikashuka. Nikaangalia nyuma, Solange haonekani bado. Nikakamata ile tawi, nikaihamisha, nikaifungia njia ya muzuri.

Sikutaka afe! Mungu anajua. Nilisema tu: akule vumbi kidogo, achoke, kinga airudishie benyewe, na siku ya Mungu abakie kwao.

Kule juu balikuwa banakula karanga na kuangalia milima. Papa Nono akauliza: "Solange eko wapi?"

"Anakuya."

Kisha kidogo akauliza tena.

"Anapumzika pale chini," nikasema, na karanga mu kinywa.

Akakamata kinga yake, akateremuka mbio. Pale njo wivu yote ilinitoka, ikaingia woga.

Solange alikuwa amekutana na makamyo mu kona. Vumbi ikajaa, haoni kitu, akajitupa pembeni, akaanguka mu mufereji wa mawe. Bega ilivunjika. Meno ya mbele, yenye ilikuwa inacheka na batoto ku masomo, ilitoka. Shofere moja alisimama, akamupandisha mu kamyo yake pamoja na papa Nono, bakamupeleka ku hopitali.

Bwana yangu akarudia mangaribi, shati yote damu. Hakukaa. "Tawi niliiweka ku kushoto. Nimeikuta ku kuume. Kati yangu na Solange, nani alipita wa mwisho?"

Nikamupakulia chakula. Alikula bukari yake bila kuniangalia, akalala mu salon.

Na sikia hii! Solange ku hopitali alikuwa anambia kila mutu: "Ni kosa yangu, sikuelewa ile tawi." Benzetu bakamucheka: mwalimu hajui kusoma majani! Na mi nikacheka pamoja nabo. Yesu wangu! Kila siku nilimupelekea uji, nikamusuka nywele juu mukono yake ilikuwa imefungwa. "Mama, Mungu akubariki," anasema, na ile kinywa yake tupu. Kila baraka iliniunguza sawa pilipili mu jicho.

Akapona. Siku moja akakuya kwetu na mufianse wake. Kweli alikuwako, kijana mupole, na beste, koti ya kupiga pasi! Solange akapiga magoti: "Wazazi bangu balikufa. Ninyi njo mutasimamia ndoa yetu, tata parrain, mama marraine."

Balipotoka, papa Nono akanambia: "Siwezi kusimama na wewe mbele ya Mungu, na ule mutoto hajui. Mwambie. Ukikataa, mi nitamwambia."

Nikaenda. Nikamwambia yote, macho ku chini.

Akaniuliza polepole: "Juu ya nini, mama?"

"Wivu."

"Wivu ya nani?"

"Ya bwana yangu."

Aliniangalia sana. "Tata? Mi namuita tata juu sina tata!" Hakulia, hakunitukana. Alisimama, akanifungulia mulango.

Hakunikataza kukuya ku ndoa. Alichagua tu marraine mwingine, direktrisi, mukubwa wa masomo yake, mujane, mwanamuke wa muzuri na wa kunukia. Papa Nono alibakia parrain. Balivaa kitenge moja, yenye mi nilikuwa nimechagua ku soko. Balitembea pamoja katikati ya kanisa mupaka mbele, na mi niko ku benchi ya nyuma na bajirani.

Mupiga picha akapandisha sauti: "Parrain na bibi yake, musogee karibu!"

Bakasogea. Hakuna mutu alimukosoa, ata papa Nono.

Wewe mwenye kusoma hii na moto mu roho, nakuomba, muulize bwana yako na kinywa! Mugombane, mupasule sahani, bajirani basikie, kesho itapita. Lakini usimutegee mwenzako mu njia. Ningepasula sahani ile siku, leo ningekuwa mu ile picha.