Mchuzi Ambao Keith Hakuuonja

Saa tano na robo asubuhi, Nerida Stanfield anaegesha gari nje ya banda la kunyolea kondoo la Wirrigal, magharibi mwa New South Wales. Kengele ya chakula inalia saa sita.

“Mama Mate huyo! Fungeni midomo!” mnyoaji mmoja anapaza sauti.

“Ukifunga wako, hata kondoo watashukuru,” Nerida anamjibu.

Muuguzi huyu wa miaka 41 hukusanya mate. Watafiti wanachunguza jinsi urithi wa damu unavyogusa kemikali za ubongo, na kwa nini hatari ya kujiua hujirudia katika baadhi ya koo. Watu 1,300 wameshamjazia vikopo. Sharti ni moja: nusu saa bila kula wala kunywa.

Kikopo kimoja tu kimemshinda, cha baba yake mdogo, Keith, mpishi wa banda hili. Baba yake Nerida alijiua, na babu yake kabla yake. Wa kizazi kile amebaki Keith peke yake. Nerida amemfuata mara tatu, na mara zote tatu amemkuta ameshaonja mchuzi.

“Nitapikaje bila kuonja, mwanangu?” Keith anamuuliza leo tena.

“Baba mdogo, unaogopa.”

Keith anakoroga sufuria. “Na mkiikuta hatari hiyo kwangu?”

“Wengi wanayo, na wanazeeka wakilalamikia magoti kama wewe. Haiamui kitu peke yake. Mwaka juzi nilipozidiwa na mawazo nilimwambia daktari, akanitibu. Si mimi huyu hapa nakusumbua?”

Wapo wanaoiita laana. Waongo! Uongo huo ndio uliozifunga midomo familia nyingi.

Keith anaweka kijiko chini. Kwa nusu saa anazunguka sufuria yake, mikono kwapani, kama mtu aliyenyimwa mtoto wake. Kengele inalia. Anatema mate kikoponi hadi kwenye alama.

Wanyoaji wanakaa mezani. Kijiko cha kwanza tu, kelele.

“Keith! Chumvi iko wapi?”

“Muulizeni Mama Mate. Ameondoka nayo kwenye kikopo.”

Banda zima linacheka. Nerida anafuta machozi ya kicheko, kisha anaeleza mpango wake: Krismasi hii atairudisha picha ya baba yake ukutani, awaite ndugu wote, na jina lake litajwe kwa sauti, bila kunong’ona.

“Nitapika mimi,” anasema Keith. “Na siku hiyo, mama, usije na vikopo vyako. Nitaonja kila sufuria.”