Bangili ya Babu Ndayikunda

Kaka yangu Venanti ni mhunzi hapa Kitanga, na ana ubishi, Mungu wangu, wa kukesha. Akikufulia jembe usithubutu kumwambia limepinda. Atakuuliza hayo macho umeyanunua wapi.

Jambo moja tu ndilo lilikuwa likimnyamazisha. Babu yetu Ndayikunda alituachia bangili ya shaba, na sisi tumekua tukiambiwa aliifua mwenyewe. Watu wa huku wanacheka. "Ndayikunda alijua majembe tu. Shaba alinunua kwa wachuuzi kama wengine." Wanamwambia hivyo msibani, wanamwambia harusini, naye anainamia sahani yake.

Basi mwaka jana, Yasmini, mtafiti wa vitu vya kale kutoka Dar es Salaam, alipopiga simu kwamba anakuja kuiona, kaka nusura aruke. Yasmini alimweleza kwamba bangili za wachuuzi zilimiminwa tu kwenye kalibu, hazikugongwa. Ukikata kipande kidogo kama punje ya ulezi, ukakitazama kwa hadubini, utajua kama nyundo ilipita.

Sasa kwetu, kitu cha babu hakipewi mgeni kikiwa na kutu. Ni aibu, kama kumkaribisha ndani hujafagia. Venanti akaitia bangili motoni ikawa nyekundu, akaigonga mpaka ikakaa duara, akairudisha motoni, kisha akaisugua kwa majivu na limau. Iling'aa hiyo! Mimi mwenyewe nilipiga kigelegele.

Yasmini alipoiona aliuliza imefanywa nini, na kaka akamweleza yote kwa fahari. Alikata kipande chake akaenda nacho Dar es Salaam, na aliporudi alituonyesha picha kwenye kompyuta.

"Kaka Venanti, ni shaba iliyochanganywa na bati. Na nyundo imepita."

Kaka akasimama. "Ego, ndiyo hivyo! Si nilisema! Dorcas, si nilisema?"

"Subiri, kaka. Nyundo ninayoiona ni yako. Ule moto na kule kuigonga kumefuta kilichokuwepo. Kama babu naye aligonga, siwezi tena kujua. Pole sana."

Venanti akakaa. Iliniuma, jamani. Nikamlaumu yule dada moyoni, kwa nini hakutukanya mapema tusiiguse? Lakini angejuaje? Nani huko Dar es Salaam anajua kwamba sisi mgeni tunamsafishia hata shaba kwa moto?

"Babu hakuacha nyingine?" Yasmini akauliza. "Hata moja tu, ambayo haijaguswa. Ingetosha."

Tukatazamana. Ilikuwepo. Mama aliivaa maisha yake yote, haikutoka mkononi.

"Tulimzika nayo," nikasema.

Yasmini alipoondoka, Venanti alibaki kwenye kigoda, ameelekea migombani, kwenye kaburi la mama.

"Dorcas. Hivi mama angekataa?"

"Koma! Koma hapo hapo, Venanti! Una wazimu?" Nilimfokea mpaka majirani wakatoka nje. Akaniomba radhi, maskini, akaenda zake kuwasha moto wa kazi. Mimi nikabaki pale nalia, maana swali hilo nilikuwa nimeshajiuliza kabla yake, na nilikuwa nimeshajijibu kwamba asingekataa.