Ukisema Basi, Tepu Inashuka

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ana mtindo wake: hamwekei mtu tepu mwilini kabla hajamuuliza. "Nipime?" Ukikubali, anapima. Ukisema "basi", hata kama kabakiza bega moja tu, tepu inashuka.

Wateja humcheka. Juzijuzi mama mmoja alimleta mwanawe kushonewa sare.

"Mpime tu, fundi. Mtoto naye aulizwe nini?"

"Mabega ni yake, mama. Changu mimi ni tepu."

Mimi shule niliiacha mapema, kwa hiyo nakaa pembeni nashona vifungo na kutazama watu. Ndiyo maana niliona kitu siku mdogo wangu alipoingia kimya. Tunamwita Kasuku, kunyamaza si kazi yake.

"Shangazi, nipime."

Akapimwa. Kisha shangazi akauliza, "Kitambaa kiko wapi?"

Kitambaa hakikuwepo. Kasuku aliangalia simu yake, halafu sakafu, halafu akasema. Kuna mtu wa mtandaoni, hajawahi kumwona, anadai anatafuta wasichana wa kutangaza nguo. Anataka vipimo na picha leo leo, na nyumbani wasijue.

Nilijua sasa atasemwa mpaka basi. Shangazi alivuta kiti tu.

"Umeshamtumia?"

"Bado."

"Unataka?"

Kasuku akatikisa kichwa kukataa. "Ila ananisifia kila siku. Naona haya kumkatalia."

"Mkatalie na haya zako hivyo hivyo. Mwambie basi, tuone kama atashusha tepu."

Akaandika: *Basi, sitaki.* Jibu lilikuja hapo hapo: *Mjinga wewe. Usiponitumia, shule nzima itasoma uliyoniandikia.*

Machozi yakamtoka.

"Umemwona fundi wako?" shangazi akasema taratibu. "Usimjibu tena, na usifute kitu. Mama yako ayasome hayo maneno kwanza, ndipo tumfungie huyo mtu asikuandikie tena."

"Mama ataniua!"

"Atafoka. Mimi nitakaa katikati yenu."

Mama alifoka kweli, majirani wakasikia. Kisha akaishika ile simu, akaisoma yote, na kesho yake wakaongozana shuleni kumweleza mwalimu kabla yule mtu hajatangulia.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu ya kushona sketi mpya ya Kasuku.

"Nipime?" shangazi akauliza.

Kasuku akatutazama mmoja mmoja. "Hapana. Leo sitaki."

Tepu ikashuka mpaka chini.

"Haya, endelea na hiyo inayokubana," shangazi akasema, akarudi kwenye cherehani yake. Kasuku akaangua kicheko, akaanza kuongea, na mpaka jioni hakunyamaza.