Kurasa Sita na Swali Moja

"Safari mafi, hakuna safari. Ngoja Ramadhani ipite," madam aliniambia kwa mara ya tatu, nami nikazima pasi, nikaiacha kanzu ya mumewe imekunjamana mezani. Mkataba wangu wa miaka miwili ulikuwa umekwisha, pasipoti yangu imefungiwa kabatini mwake, na mwanangu kule Voi ameanza kumwita shangazi yake mama. Halas, imetosha.

Ilikuwa miaka ya mageuzi katika nchi ile ya Waarabu, na sisi wafanyakazi wa kigeni tuliambiwa hata yaya anaweza kushtaki. Ijumaa, siku yangu ya mapumziko, nilikwenda Sharafiya, mtaa tunakokutana wageni, na kurasa sita za hasira nilizoandika. Rafiki yangu, mpishi wa nyumba jirani, alizisoma akacheka. "Dada, haya ni malalamiko au ni matanga?"

Nilinuna. Kisha nikamkumbuka mwalimu wetu wa historia, kidato cha pili. Alitufundisha kwamba Roma ya kale ilikuwa na mahakimu walioitwa praetor, na mmoja wao alishika kesi za wageni. Kwa kawaida hakukata kesi mwenyewe. Alisikiliza pande zote, akaubana ugomvi mzima uwe swali moja, ndipo akalipeleka kwa mwamuzi. Darasani tulimwona praetor huyo mvivu tu. Siku ile nilimwelewa.

Nikafuta matusi, nikafuta chakula kilicholala, nikafuta hata chumba kisicho na dirisha. Iliniuma. Jumapili niliingia ofisi ya kazi nikakabidhi karatasi yenye mistari miwili:

"Mkataba wangu umekwisha na mwajiri amekataa kunipa pasipoti yangu. Naomba aamriwe kunirudishia, niende kwa mwanangu."